Kura Zilizokimbilia Barazani

Wataalamu huandika vitabu vinene kueleza jinsi madaraka yanavyokabidhiwa baada ya uchaguzi wenye utata. Mimi somo hilo nilijifunzia uwanjani kwetu, Bariadi, siku mama yangu alipojikabidhi mwiko yeye mwenyewe.

Mama alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kuna watu hudhani hicho ni cheo kidogo. Wafiwe kwanza. Chama ndicho chenye turubai, sahani, masufuria makubwa na ule mwiko mrefu wa kusongea ugali wa msibani, na anayeushika mwiko ndiye anayeamua nani apike, nani achote maji na nani akae na mfiwa. Wakuu wa wilaya wamekuja na kuondoka, mwiko ukabaki nyuma ya mlango wetu.

Katiba ya chama aliiandika shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye katibu. Aliwahi kuwa karani wa mahakama na hapendi kazi nusunusu, kwa hiyo alichukua Katiba ya nchi akainakili, na kila palipoandikwa Rais akaweka Mwenyekiti. Tukajikuta tuna mwenyekiti mteule, tuna kiapo, na tuna kifungu kinachosema kwamba mshindi akishatangazwa hakuna mahakama itakayohoji ushindi wake. Bahati nzuri cheo cha Amiri Jeshi Mkuu alikiruka. Aliwasomea wanachama katiba nzima nao wakaipitisha kwa makofi, maana chakula kilikuwa kimeshaiva.

Uchaguzi wetu hufanyika mwaka wa uchaguzi mkuu. Safari hii, taifa lilipomaliza kupiga kura likaanza kubishana, nasi tukaona zamu yetu imefika. Mpinzani wa mama alikuwa muuza mchele mmoja wa sokoni, mcheshi, mwenye sauti ya kuita wateja, aliyekuwa akisema waziwazi kwamba mama amekaa mno kwenye kiti. Na kweli alikuwa amekaa mno.

Lakini mama alikuwa na lake moyoni. Baba alikuwa amelala chumba cha ndani, hospitali ilikwisha kuturudishia, na mimi nilikuwa nimekuja kutoka Maswa kumuuguza. Tukimenya viazi vitamu vya kukata na kukausha kuwa michembe, mama aliniambia bila kuniangalia, "Nikiuachia mwiko, baba yako atazikwa na nani? Na wewe na shangazi yako?" Kwetu Usukumani hakuna aibu kama msiba usio na watu. Hofu ile ikamfanya apige kampeni kama mgombea ubunge. Alinunua soda, akapita akiwaamkia "Mwangaluka" watu ambao miaka yote alikuwa akiwapungia mkono tu.

Sisi hatutumii karatasi. Wagombea husimama uwanjani, na anayekutaka anapanga mstari nyuma yako. Mama alisimama karibu na baraza letu, muuza mchele akasimama upande wa zizi. Shangazi alikuwa hajafika hata katikati ya mstari wa kwanza mvua ya kwanza ya msimu ikateremka, na upepo wake na mavumbi yake. Watu walikimbia. Bati lililokuwa karibu ni la baraza letu tu, na baraza lilikuwa nyuma ya mama. Muuza mchele mwenyewe alikuja mbio, kanga kichwani, akajibanza nyuma ya mgongo wa mshindani wake.

Shangazi hakuacha kuhesabu. Kisha akatangaza kwamba mama ameshinda kwa kura zote, ikiwemo ya mpinzani wake.

"Katibu, hii ni mvua, si kura!" muuza mchele alipiga kelele.

"Katiba haiijui mvua," shangazi akajibu.

Wiki iliyofuata mama akaapishwa. Tulikuwa tumeona kwenye runinga wazee wakimkabidhi rais ngao na mkuki, basi shangazi akaona mwiko utafaa kuwa mkuki na mfuniko wa sufuria utafaa kuwa ngao. Tatizo likawa nani amkabidhi nani. Mama alitoka nje na vifaa hivyo kama mwenyekiti anayemaliza muda wake, akavilaza kwenye kiti, akaizunguka nyumba, akarudi kuvipokea kama mwenyekiti mteule. Mizinga hatukuwa nayo, kwa hiyo wajukuu wakapiga masufuria. Waliohudhuria ni majirani wachache waliopenda soda. Nilicheka na kuona aibu kwa wakati mmoja.

Baba akaniita ndani. "Nani kashinda?"

"Mama."

"Kamshinda nani?"

Baba alifariki usiku mmoja, pamba ikiwa kwenye palizi. Kulipokucha, mama alikuwa na turubai, sahani na masufuria yote, na uwanja mtupu. Turubai lilikuwa limeviringishwa pale chini, na sisi wanawake watatu hatukuwa na nguvu ya kulisimamisha. Mama alisimama mlangoni akiitazama barabara, na nikaona kile alichokiogopa kimekuja kweli.

Ndipo tukawaona. Muuza mchele alikuwa mbele, nyuma yake wanawake na kuni vichwani, na vijana wa kusimamisha turubai. Mama, kwa mazoea tu, akachukua mwiko akaelekea jikoni. Wote wakasimama. Mfiwa hapiki, mama mwenyewe alikuwa amewanyang'anya miiko wajane wengi kwa kanuni hiyohiyo.

Muuza mchele akanyoosha mikono miwili. "Lete, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mwenyekiti ni mimi," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Leo wewe ni mfiwa. Nenda ukakae."

Mama akauachia mwiko. Hapakuwa na kiapo wala mfuniko wa sufuria, na hakuna aliyepiga makofi.

Baada ya kuzika, watu walipanga mstari wa chakula. Muuza mchele alikuwa anapakua, na mstari ulianzia kwenye sufuria lake, ukapita zizi, ukatokea barabarani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Aliufuata mstari kwa macho mpaka mwisho wake.

"Siku ile mvua isingenyesha," akaniambia, "mstari wake ungekuwa hivi."

Nikamwambia ale kidogo. Hakunisikia.

"Mrefu hivi," akasema. "Na wote wamekuja kumzika baba yako."

Hapo ndipo alipolia.