Hisa za Bi Ottilie

Kila alasiri Bi Ottilie Brandvold, mshona kofia, alikaa kwenye ukumbi wa wateja wa dalali wetu wa hisa, Mtaa wa Broad, New York. Mwaka ulikuwa 1936. Vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga wa dirisha, wazee wakasinzia, na bei ubaoni zikafutwa na kuandikwa taratibu, kana kwamba mtu anaota kwa niaba yetu sote. Yeye aliota duka lake mwenyewe. Akiba yake yote ilikuwa katika hisa za kiwanda kimoja cha miavuli.

Siku hiyo gazeti lilitoa hesabu ya mwezi: hisa moja kati ya kila tano za kiwanda hicho ilikuwa imeazimwa na kuuzwa na watu wanaongoja bei ishuke ili wainunue tena kwa bei rahisi.

"Bi Ottilie, wote hao wameona mwavuli unavuja," Lomax, jirani yetu wa kiti, akamchokoza. "Wewe tu ndiye hujalowa."

Mimi nauza vifungo. Naijua hali ya mtu aliyeuza asicho nacho. "Hao lazima warudi kununua, wazirudishe," nikamwambia. "Na unadhani wameziazima wapi? Za kwako zimo kabatini kwa dalali, naye ndiye anayewaazimisha."

"Kwa hiyo fimbo ya kunichapia nimewapa mwenyewe?"

Akaenda dirishani kwa karani, akadai vyeti vyake vya hisa akae navyo mwenyewe. Wazee wanne wenye hisa hizo wakaamka, wakamfuata. Wiki hiyo kiwanda kikapata zabuni ya jeshi. Walioazima wakadaiwa hisa, wakaanza kugombania kununua, na bei ikapanda kama moshi. Lomax akahama kiti. Bi Ottilie akaanza kuota madirisha mawili ya duka, kisha matatu.

Mwezi uliofuata, hesabu ya hisa zilizoazimwa ilikuwa imenywea kabisa.

"Waliolazimika kununua wameshanunua," nikasema. "Sasa nani atakupandishia bei?"

Aliutazama ubao. Kisha akaenda kwa karani kuuza hisa zake zote.

Aliporudi, chaki ikaongeza robo dola.

"Imepanda," akasema polepole.

"Imepanda."

"Haya, na ipande. Bwana Perlin, kesho niletee vifungo vya lulu. Na usinione nina hela ukanipandishia bei."

Nikamwambia lulu zimeadimika mwezi huu.

"Muongo wewe," akasema, akavaa kofia yake.