Dresa Uweso na Kidonda cha Mkwewe

Uweso alipenda kuulizwa na wakubwa. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, na katika miaka yote ya udresa, kazi ya kufunga vidonda, hakuupatia dawa.

Serikali ilikuwa na zahanati yake kijijini kwao, nje ya Tanga kwenye barabara ya Muheza. Uweso alifunga vidonda vya wanaume, na Bi Anjela, muuguzi wa Kishambaa, alikuwa na chumba cha wanawake chenye pazia. Mwaka wa hamsini na nne serikali ikaona gharama zimezidi, ikafunga zahanati na kuwakabidhi wagonjwa kwa kampuni ya shamba la mkonge lililokuwa jirani. Kampuni iwatibu wanakijiji pamoja na manamba wake, serikali iilipe. Meneja akamwita Uweso, akamuuliza kama wanawake wa huku wanahitaji muuguzi wao.

Basi angesema nini mtu aliyekwisha kuonyeshwa koti jipya jeupe na viatu?

"Hapana, bwana," alijibu Uweso. "Watu wetu hawana shida."

Bi Anjela akafungasha, akaenda kulea watoto wa Wazungu Raskazone, mjini Tanga. Uweso akavaa koti. Kila jioni alipita kijijini kwa maringo, akisifia hospitali ya kampuni: sakafu ya saruji, dawa tele, hulipi kitu. Aliisifia hata kwa mama mkwe wake, Bibi Kijakazi, lakini akiwa nje ya mlango na uso kaugeuza, maana huko mama mkwe humtazami machoni wala huli naye sinia moja.

Wanawake walikwenda mara ya kwanza, wakamkuta Uweso peke yake na koleo lake la kushikia pamba mkononi. Hawakurudi tena. Uweso aliona, akajiambia watazoea.

Ndipo Bibi Kijakazi alipochomwa na mwiba wa mkonge pajani, juu kabisa. Paja likavimba, likatunga usaha, naye akajifungia ndani akilikanda kwa maji ya majani. Mwanahija, bintiye, mke wa Uweso, alimsihi aende hospitali.

"Kwa nani?" aliuliza mama yake. "Mie nimfunulie mkwe paja? Afadhali lioze."

Mwanahija aliyaleta maneno hayo nyumbani kama yalivyo, na Uweso akahisi uso unamwaka. Alikwenda kwa meneja kumwomba amrudishe Bi Anjela. Meneja alimtazama kwa mshangao.

"Si wewe uliyesema hawana shida?"

"Ni mimi, bwana."

Akatoka bila kuomba tena, akitamani ardhi ipasuke immeze. Alipanda basi mpaka Raskazone. Bi Anjela alimsikiliza mlangoni, mtoto wa watu begani.

"Mabwana wamekwenda Amani kule milimani, wameniachia watoto," alisema. "Ruhusa yangu ni Jumapili. Je, Bibi atafika Jumapili?"

Uweso aligeuka, akarudi mbio kituo cha basi. Harufu ya kidonda kile alikuwa amekwisha kuisikia tangu uani.

Aliporudi alimkuta Bibi ana homa kali, anaweweseka, hajui nani kaingia. Mwanahija alimfunika mama yake uso kwa kanga, akafunua paja, akageukia ukutani. Uweso akapasua, akakamua, akasafisha. Mikono ilijua kazi yake. Mwenyewe alikuwa akilia kwa aibu. Katikati ya kazi Bibi alizinduka, akaivuta kanga chini, akaona ni nani. Hakupiga kelele. Aliirudisha kanga usoni mwenyewe, akaishikilia kwa mikono miwili mpaka Uweso alipomaliza kufunga.

Akapona. Kijiji kizima kikasema dresa kamwokoa mkwewe, na kila sifa ilimchoma Uweso, kwa sababu alijua nani aliyemfukuza Bi Anjela kwa neno moja la kujipendekeza. Mkewe hakumlaumu hata siku moja. Afadhali angemlaumu.

Bibi Kijakazi alipoanza kutembea, walikutana njia ya kisimani. Uweso alisogea kando na kuinamisha macho, akifungua kinywa kumwamkia. Bibi alimwahi. Alijitanda kanga yake vizuri, akapiga goti mbele yake, mbele ya kijana aliyemwoa binti yake.

"Shikamoo, bwana daktari," alisema.