Linux Aliyoichagua Issouf kwa Woga

Waoga wapo wengi Mutsamudu, kisiwani Nzwani, lakini wa Issouf ulikuwa woga wa kusomea. Mpaka leo, akikaa pale mtaani Hombo, husimulia alasiri za Itsandra kama mtu anayesimulia bustani ya peponi aliyotolewa.

Alimwoa Loutfia huko Itsandra, jirani na Moroni, kwenye kisiwa kikuu. Kwetu nyumba ni ya mke. Mume huja na sanduku lake. Yeye alikuja na kompyuta, imefungwa kwa shuka. Kila baada ya swala ya alasiri alikaa na shemeji yake Attoumane wakipigana na majini ya mchezo: Issouf anatembeza, Attoumane anapiga risasi, mabega yamebanana, chai inapoa.

Virusi vikaila Windows. Attoumane akaleta sidii mbili za Linux, wachague moja ya kuendeshea kompyuta. Ya Wafaransa ilizungumza Kifaransa, lugha waliyosomea, na mchezo wao umo ndani. Ya Wamarekani, Kiingereza kitupu. Hata mtoto angejua ipi. Lakini Nzwani ilikuwa imejitenga na visiwa vingine ikitaka kurudi kwa Wafaransa, Mutsamudu kunapepea bendera ya Ufaransa, na Issouf akawaza: kitu cha Kifaransa mezani kwa Mnzwani, majirani watasemaje? Akaweka ya Wamarekani. Kila kompyuta ilipomwuliza kitu akajibu ndiyo, haelewi anaulizwa nini. Kioo kikawa cheusi. Mchezo hakuna, na Attoumane akaacha kuja kukaa.

Mama mkwe, Hayati, ndiye aliyechoka. "Mkwe wangu, nyumba hii ya nani?"

"Ya Loutfia, mama."

"Basi majirani wanachagua nini humu? Weka inayocheza."

Akaiweka. Vicheko vya jioni ile vilisikika mpaka barabarani, na Issouf akaonekana mtu wa nyumba.

Aprili, Nzwani ilipokataa kutia saini mkataba wa umoja, vijana wakaanza kupita wakiwatoa Wanzwani majumbani warudishwe kwao. Hayati akasimama mlangoni. Akawaambia Mnzwani humo hakuna, yupo mume wa binti yake, anayemtaka ampitie yeye kwanza. Wakaondoka.

Issouf alikuwa chumbani, anafunga sanduku.

"Wameshaenda," Loutfia akamwambia.

"Watarudi."

Hawakurudi. Yeye akapanda meli ya kurudi Nzwani pamoja na waliofukuzwa kweli. Alipopata simu, aliuliza kama Attoumane bado anacheza. Loutfia alimngoja mpaka visiwa vikapatana, kisha akachoka. Mume wake wa pili hajui hata kuiwasha kompyuta ile. Lakini yupo.