Siku Niliyomwita Mwanamke Mwingine Mama Mbele ya Bodi ya Ardhi

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minane, sijaolewa, na ni mwalimu wa sekondari. Kwetu ni Kitengela, upande ambao zamani ulikuwa malisho na sasa ni nyumba za mabati mekundu. Nimeomba ukurasa huu ufiche jina langu kwa sababu mama hajui kusoma, lakini majirani zake wanajua, na wao humsomea.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani mwaka mzima. Nilikuwa nimepita vizuri. Baba alisema karo ya chuo itatoka kwa shamba, maana kampuni moja ilitaka kununua sehemu kubwa, iikate ploti na kuwauzia watu wa Nairobi. Wazee wenzake walikuwa wameshauza. Kikwazo kilikuwa mama. Bodi ya ardhi haikubali mzee auze kabla mke wake hajasimama mbele yao na kusema ameridhika, na baba alijua mama hawezi kuridhika. Nyumba yetu aliijenga kwa mikono yake, kama wanawake wa Kimaasai wanavyojenga, nayo ilikuwa katikati ya sehemu hiyo.

Siku moja baba aliniambia nimletee kitambulisho cha mama. Nilijua kinawekwa wapi. Hakusema ni cha nini, na mimi sikuuliza. Kesho yake akaniambia nivae sare ya shule. Nikavaa. Mama alituona tukiondoka, akafikiri tunaenda kuchukua cheti changu.

Tulipofika Kajiado, baba alipita nyuma ya soko la ng'ombe akarudi na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza chai pale. Umri wake na wa mama ulikaribiana. Tukiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya bodi tukingoja kuitwa, aliniuliza kwa Kimaasai kama mama yangu ni mgonjwa sana. Nikasema ndiyo. Nadhani aliamini anatusaidia.

Ndani, mwenyekiti aliangalia kitambulisho, akamwangalia yule mwanamke, akakiangalia tena. Picha ilikuwa imefifia. Hakumuuliza yeye. Aliniuliza mimi.

"Msichana, wewe umesoma. Huyu ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Na anaelewa shamba linauzwa?"

"Anaelewa. Amekubali."

Yule mwanamke akaweka kidole gumba mahali alipoonyeshwa. Tulipotoka baba alitununulia chai na mandazi. Nilikula yote, nilikuwa na njaa.

Msifikiri nililazimishwa. Baba hakunipiga wala kunitisha. Nilitaka kwenda chuo, na wakati ule nilimwona mama kama mtu asiyeelewa dunia inaelekea wapi. Nilijiambia akiona maendeleo atashukuru.

Wapimaji walipokuja, baba alimwambia mama ni watu wa bomba la maji. Aliwapikia chai siku tatu. Kigingi kimoja cha chuma walikipigilia hatua chache kutoka mlangoni pake, na mama akawakanya watoto wasikiguse wasije wakaharibu kazi ya watu. Tingatinga lilipofika mimi nilikuwa chuoni. Dada yangu alinieleza kwamba mama alitoa sufuria, ngozi na vibuyu vya maziwa, akaketi kando akatazama. Baadaye baba alimwonyesha kipande kilichobaki, karibu na korongo, na mama akaanza kujenga upya.

Wa kwanza kuhamia kwenye ploti ni nesi mjane mwenye watoto wawili. Alijenga chumba kimoja kimoja, miaka minne. Mama huchota maji kwenye tangi lake, naye akiwa kazini watoto hubaki na mama. Wanamwita koko, yaani nyanya.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Akina mama wa kanisa wakampeleka mama kwa wakili, na wakili akapata kumbukumbu za kikao kile. Mwezi uliopita mama alikuja kwangu, hapa ninapopanga karibu na shule, akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki akaniambia nimsomee. Nikamtafsiria neno kwa neno. Mwenye shamba alikuwepo. Mke wake alikuwepo. Binti yao mwanafunzi alikuwepo, akathibitisha. Jina la binti halikuandikwa. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Mama akacheka kidogo.

"Kama walikodi mke, nakerai, mwanangu, basi walikodi na binti."

Nikasema labda.

Akanieleza kwamba wakili anataka mtoto wake mmoja aape kuwa mama hakuwahi kufika Kajiado. Dada zangu hawakuendelea na shule. "Nimemwambia ni wewe," akasema. "Korti inasikiza mtu amesoma."

Nikiapa hivyo nitakuwa nimesema kweli, kwa kuwa mama hakufika. Lakini wakili wa kampuni hatakosa kuuliza yule binti alikuwa nani. Nikijibu, mama atajua mbele ya watu, na kazi yangu sijui kama itabaki. Nikikataa kuapa, kesi yake haina shahidi. Akishinda, yule nesi na watoto wake sijui wataenda wapi, na mama mwenyewe hajafikiria hilo, au amefikiria na hasemi.

Watu huandika hapa kwamba hawalali, hawali. Mimi ninalala. Nafundisha, nasahihisha madaftari, nacheka na walimu wenzangu. Natafuta mahali panaponiuma na sipaoni, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumapili hii mama anakuja na karatasi ya kiapo. Anataka nimsomee yote kwa sauti kwanza, halafu nitie sahihi akiona. Nyinyi mnaosoma, mlio na mama na msio naye, nipeni mawazo kabla ya siku hiyo. Nikimaliza kumsomea, nifanye nini?