Mgomba Uliozikwa Thorncliffe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, dari ya chumba nilicholala na Koko ilikuwa na doa la maji. Jengo letu la Thorncliffe Park, huku Canada, lilikuwa limezeeka, na msimamizi wake alishapanda ngazi mara kadhaa, akaligusa doa na kutuambia kwamba ni bomba. Koko, mama yake baba, alimsikiliza kwa adabu, akampa chai. Alipotoka, Koko akasema, "Ule hajue kitu. Ni Asukulu."

Asukulu alikuwa baba yangu. Mimi, mama na Koko tulitangulia Canada, yeye akabaki nyuma, kisha vita vikaingia kwetu. Simu iliyotufikia ilisema kwamba alipanda boti ya mbao kutoka upande wa Fizi ili avuke Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Upepo uliwakuta katikati ya maji, na boti haikufika. Maiti yake haikuonekana.

Kwetu, mtu aliyemezwa na ziwa haachwi hivihivi. Hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo yake, likazikwa badala yake. Asipozikwa hivyo, Koko alisema, hana pa kulala. Huja nyumbani na maji yake, na akichoka upweke humchukua mtoto mmoja wa kukaa naye. Nyumbani mtoto nilikuwa mimi peke yangu, na mwezi ule nilikuwa nakohoa. Niliogopa sana. Nililala nimejifunika hadi kichwani ili doa lisinione.

Mama hakutaka kusikia habari ya mgomba. Naye alikuwa na imani yake, iliyotoka kulekule: ukimzika aliye hai, umemuua kwa mkono wako. Kila jioni alirudi kutoka kazini, alikokuwa akiwahudumia wazee, akaurudisha mlango bila kuufunga kwa ufunguo.

"Wezi wataingia," Koko alilalamika.

"Waingie," mama akajibu.

Novemba ile mwalimu wetu alitufundisha habari za dhoruba kubwa ya mwaka 1913 kwenye maziwa ya huku. Theluji na upepo vilipiga kwa siku kadhaa, meli kubwa za chuma zikazama na watu wake wote, na miili ikawa inatupwa ufukweni. Mimi nilijua ziwa linaua watu wa boti za mbao. Sikujua kwamba linaweza kumeza chuma, tena cha Wazungu. Mwalimu akatusimulia pia habari ya mzee mmoja aliyeutambua mwili wa mwanawe baharia kwa alama za ngozi na vidole vya mguu vilivyopungua. Wakaleta jeneza nyumbani, ndugu wakakusanyika kulia. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mwana mwenyewe. Alikuwa ameiacha meli ile na hakuwaambia wazazi.

Nilikimbia na habari hiyo hadi nyumbani. Nilianza kwa Kiingereza, mama akaniambia nitulie, nikaanza upya kwa Kiswahili. Kisu chake kilisimama juu ya kitunguu.

"Sema tena."

Nikasema tena. Akamgeukia Koko. "Unasikia, mama? Walimulilia, na alikuwa muzima!"

Nilijiona nimemrudisha baba nyumbani. Koko aliendelea kuchambua maharagwe, jicho lake likiwa kwenye sinia. Kisha akaniuliza, "Na ule mwenye alikuwa mu sanduku? Alikuwa mutoto ya nani?"

Sikujua. Mwalimu hakusema, na darasa zima hatukuuliza. Tulikuwa tumemshangilia aliyeingia mlangoni.

"Alikuwa na mama yake," Koko akasema. "Ile mama hakujua, lakini watu walimuosha mutoto wake, walimulilia." Akaokota kijiwe kwenye maharagwe. "Pengine na wangu kuna mama mwenye alimuosha, kule."

Akalia. Tangu simu ile sikuwahi kumwona akilia. Mama alikaa karibu naye, akamshika mkono, na vitunguu vilivyokuwa tayari sufuriani vikaungua.

Jumamosi mama alirudi kutoka maduka ya Scarborough na kitu kirefu kilichofungwa gazetini. Watamili wa kule, wenye asili ya Asia, hula kiini cha shina la mgomba, na muuzaji alikuwa amemweleza vizuri namna ya kukipika kwa nazi. Mama alikiweka mezani mbele ya Koko.

"Mama, mgomba ni huu."

Koko alikikata vipande viwili. Shati la baba alilokuja nalo kutoka mji wetu wa Baraka akalichana katikati, akakivisha kila kipande cha shina. Tuliteremka nyuma ya majengo kuelekea mto Don na kuchimba kwa koleo la theluji, ambalo kwa kweli kuchimba haliwezi. Mtu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alitupungia mkono, nadhani akidhani tunapanda maua.

"Hiki cha pili cha nani?" nikauliza.

"Cha ule mutoto ya wenyewe, mwenye alikuwa mu sanduku," Koko akasema.

Mama alikuwa ameshika udongo mkononi. "Na akirudi?"

"Akirudi, atatukuta tunakula. Tutamuongezea sahani."

Hapo ndipo mama alipoutupa ule udongo, akaliita jina la baba kwa sauti kubwa. Jioni ile aliufunga mlango kwa ufunguo.

Doa lilikauka. Wiki hiyohiyo msimamizi alibadilisha bomba, na kikohozi changu nilikinywea dawa, kwa hiyo sina la kumbishia anayesema lilikuwa bomba tu. Baba hakurudi. Koko naye ametangulia, na tulimzika kwa jeneza.

Huko bondeni miti imekua, na siwezi tena kusema kipande cha baba kilizikwa wapi na cha mgeni wapi. Zamani hilo lilinisumbua. Siku hizi nikipita nasalimia vyote viwili, kwa sababu hata mimi sijui ni nani anayemsalimia baba yangu huko aliko.