Kutetemeka kwa Gari la Tata

Nakumbuka miezi ile niliyolala na swali moja na kuamka nalo: injini ikizimika kwenye mteremko wa Kamachumu, Tata, baba yetu, akiwa ndani, nitafanya nini? Mdogo wangu, najua sina mvi za kunipa haki ya kukuita mwanangu. Lakini mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa nyumbani kwetu, nawe uko karibu kumaliza chuo na kurudi kuendesha gari lile lile. Kwa hiyo kaa nikusimulie.

Wakati ule nilikuwa nimehitimu, nasubiri kazi. Daktari alikuwa amemkataza Tata kuendesha kwa sababu ya moyo, na mimi ndiye niliyempeleka kliniki Bukoba. Pikapu yetu unaijua, ile nyeupe iliyochakaa milango. Asubuhi zenye unyevu ilikuwa ikiwashwa inatetemeka mpaka vioo vinalia, kisha njiani inashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Mafundi husema gari linamisi. Jua likiwaka, inatulia, nami naonekana mwongo.

Nililipeleka kwa fundi Novatus pale senta. Akabadilisha plagi, gari likapona. Baada ya muda likarudia. Akasafisha filta, likapona tena, likarudia tena. Mimi huku nilikuwa nimesoma kila kitu kilichoandikwa kwenye simu kuhusu injini. Huenda ni pampu ya mafuta. Huenda maji yameingia kwenye tanki. Huenda injini yenyewe imepasuka ndani. Kila nilichosoma niliona kinafanana na gari letu. Unanijua: mimi nikiumwa kichwa nasoma mpaka najizika.

Sikumwambia Tata nilivyoogopa. Gari lile ndilo lililokuwa limebaki la enzi zake za nguvu. Nikianza kulilaumu, yeye hujibu, "Gari hili ndilo lililokuleta kutoka wodini ukiwa kichanga, usilitukane." Nacheka, nanyamaza, naendelea kuogopa.

Basi ikafika siku ya kliniki, na usiku kucha ilikuwa imenyesha. Shangazi Kokuteta, dada yake Tata, muuguzi mstaafu, alikuwa amekuja kumsindikiza. Tukakaa watatu mbele, Tata katikati na koti lake la kanisani. Tulipoanza kuteremka kuelekea barabara ya ziwani, gari likashtuka mara moja. Likashtuka tena. Mimi kwa woga nikakanyaga klachi, na hapo hapo injini ikafa.

Mdogo wangu, omba usiusikie ukimya ule. Gari linakwenda lakini halina sauti. Nilikanyaga breki, ikashika kidogo. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikawa nzito. Mara ya tatu ilikuwa kama nimekanyaga jiwe. Usukani nao ukagoma. Upande wa kushoto ukingo wa udongo, upande wa kulia migomba iko chini kabisa, unaona majani yake tu.

"Binti, ukingoni! Liegemeze ukingoni!" Tata alisema, kwa mkono mmoja ameshika kifua.

Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zote na kulilaza gari kwenye ule udongo mwekundu. Likakwaruza, likakwaruza, likasimama. Shangazi alikuwa anasali Kihaya, na alipofungua macho kitu cha kwanza alichofanya ni kushika mkono wa Tata na kutafuta mapigo.

"Mzima," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe pumua, waitu, mwana wetu. Sina mikono ya wagonjwa wawili."

Gari lilipokubali kuwaka tena, nikageuza penye nafasi, tukarudi nyumbani kwa mwendo wa kutembea. Kliniki ikatupita.

Uani sikushuka. Nilibaki nimeshika usukani, nikaanza kumweleza Shangazi yote niliyokuwa nikiyafikiria: pampu, tanki, injini kupasuka. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Umemaliza?"

"Bado kuna..."

"Basi bado ikae huko huko. Wewe unafikiri mpaka chai inapoa, na kikombe hujakigusa. Mgonjwa akiletwa wodini, mimi nilianza kusoma vitabu? Nilimuuliza, tatizo lilianza lini? Kabla halijaanza ulifanya nini? Wewe umemuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilikuwa nimeuliza simu.

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Lilianza lini?"

"Baada ya senene," Tata alisema.

Nilidhani hajasikia swali. Lakini unakumbuka msimu ule senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walivyoshuka kwa wingi, na wajukuu wakamlilia babu yao awawekee taa kali juu ya kilima, na mabati ya kuwadondosha kwenye pipa. Jenereta ya jirani ilikuwa mbovu. Tata akaisogeza pikapu, akachuna waya mmoja chini ya boneti, akaunganishia taa humo. Watoto wakapata senene wa kujaza ndoo, sisi tukala. Msimu ulipoisha, akafungua taa, akazungushia utepe pale alipochuna. Gari likaanza kutetemeka mvua zilizofuata.

"Ulijua?" nilimuuliza. Sauti yangu haikuwa ya heshima, na najuta kwa hilo.

"Nilihisi."

"Mbona hukusema, Tata?"

"Ningesema nini? Mmenikataza kuendesha. Nikisema nimeliharibu, mtaliuza, nami nitakaa kwenye kiti nikihesabu ndizi. Niliogopa, mama."

Sikujua baba yangu huogopa. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega kwenye gari moja, kila mmoja na woga wake, na kwa sababu ya ukimya wetu tulikaribia kwenda kulala kwenye ile migomba.

Tukafungua boneti. Tata alinionyesha, lakini hakugusa. Utepe ulikuwa umelegea, na ndani yake waya, ule unaopeleka umeme kwenye koili ya kutoa cheche, ulikuwa umeota kutu ya kijani, umebaki nyuzi chache. Niliwasha injini, nikachota maji kidogo kwa kikombe cha jikoni, nikayamwaga pale pale. Gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Nikaelewa pia kwa nini lilikuwa linapona kila likitoka gereji: fundi akigusagusa pale karibu, nyuzi zinakutana kwa muda.

Novatus alikuja, akakata kipande kile chote, akaweka waya mpya na kuufunga vizuri. "Mngeniambia habari ya senene," alilalamika, "nisingewachosha na plagi." Tukamwagia maji tena. Injini haikujali.

Lakini mimi nilijali. Ndivyo nilivyoumbwa. Usiku ule nilijiuliza, je, kama kuna ubovu wa pili? Maji ya kikombe si mvua, na uani si mteremkoni. Nikaona kwamba nikiendelea kuwaza tu, nitawaza hadi siku ya kliniki tena.

Asubuhi ilikuwa ya mvua na ukungu, hali ile ile iliyotutia hofu. Tata alikuwa ameshavaa koti, maana kliniki walikubali kumwona siku hiyo. Nikamwambia, "Tata, hupandi bado. Nashuka peke yangu kwanza."

"Na likizima?"

"Nitakuwa kwenye gia ya chini, na klachi siigusi, magurudumu yenyewe yataizungusha injini."

Akanipa njia. Nikashuka mteremko wote kwa gia ya chini, klachi sijaigusa. Chini, kwenye barabara ya lami, nikasimama na kusikiliza. Injini iliunguruma sawasawa, mvua ikipiga boneti. Nikapanda, nikashuka tena, nikapanda. Ndipo nikampigia Tata honi, naye akaingia akisema nimemchelewesha. Tukaenda Bukoba.

Mdogo wangu, sikwambii usiogope, maana mimi mwenyewe bado naogopa. Nakwambia woga wako useme kwa sauti siku unapouhisi, umwambie yule yule unayemwogopea. Kitu kikiharibika, uliza kwanza kilianza lini na nani alikigusa, hata kama wa kuulizwa ni baba yako. Ukipata jibu, lijaribu mahali palipokutisha, wala usimpandishe mtu mwingine kabla hujalijaribu wewe. Gari hatujaliuza. Likiwa mikononi mwako, Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, akupe watu wa kukwambia ukweli, na akurudishe nyumbani ukiwa mzima pamoja na wote uliowabeba.