Uzito wa Kitufe cha Ikhlas

Saa nne asubuhi, katika karakana yake ndogo mtaani Attarine, Aleksandria, fundi Bahgat Mikhail anachovya ncha ya sindano katika mafuta mepesi na kuliachia tone moja juu ya utepe wa kaboni ndani ya redio kuukuu. Anazungusha kitufe cha sauti. Mkwaruzo uliokuwa ukisikika spikani unakoma.

"Kaboni haitaki shibe," anasema. "Ukiizidishia mafuta, inakusanya vumbi. Swichi za fedha nazo zina grisi yao, isiyo na salfa, maana salfa huisawijisha fedha. Mhimili wa kitufe ndio unaotaka grisi nzito, ili mkono uhisi kitu."

Mhimili kama huo ndio unaomnyima raha. Rafuni nyuma yake ipo redio isiyouzwa, ya marehemu mkewe, Ikhlas. Baada ya arobaini aliifungua ili aienzi. Kwa mazoea ya kazi alisafisha sehemu zote zinazogusana, akaosha hata grisi ya zamani ya mhimili, akatia mpya. Redio ikasikika vizuri kuliko awali, lakini kitufe kikawa chepesi.

"Ikhlas alikizungusha polepole, kama anayefungua kifuniko cha chupa ya achari. Ule ukinzani ndio niliouosha. Sauti imebaki, mkono wake umeondoka."

Tangu hapo huchanganya grisi, akijaribu kuurudisha uzito ule. Jirani yake Abduh, muuza kahawa, hamwachi hivi hivi.

"Mzee, unapika mchuzi wa mulukhiya au unatengeneza redio?"

"Nenda zako! Kahawa yako yenyewe sukari tupu."

"Haya, lete nionje." Abduh anazungusha kitufe, na kicheko chake kinapungua. "Kizito kidogo. Lakini mimi nitajuaje, bwana? Hii ilikuwa ya Ikhlas na mwanawe."

Mwana huyo ni Rawya, muuguzi nchini Kuwait, ambaye utotoni ndiye aliyetumwa kupunguza sauti. Huja nyumbani kila Sham el-Nessim, sikukuu ya masika. Mwaka jana alifumba macho, akakizungusha.

"Bado, baba," alisema. "Cha mama kilikuwa kinagoma kwanza."

Safari hii Bahgat ameongeza nta ya nyuki katika grisi. Kitufe sasa kinagoma, kisha kinakubali. Hata hivyo hajaiwasha redio. Anaifunika kwa kitambaa.

"Wiki ijayo Rawya akija, yeye ataigusa kwanza," anasema. "Mimi nimeutamani mno uzito ule. Mkono wangu hauaminiki tena."